Malaria kwa hesabu: mwongozo kamili wa kujenga modeli kutoka rejista ya zahanati, Kisumu na majirani zake

Fungua rejista ya MOH 204A (ya watoto chini ya miaka 5 wanaotibiwa bila kulazwa) katika zahanati yoyote ya Nyando, Seme au Muhoroni. Utaona umri wa mtoto, kijiji chake, kipimo, matokeo, dawa aliyopewa. Mwisho wa mwezi mistari hiyo hujumlishwa katika fomu ya MOH 705A, ikaingizwa kwenye KHIS (mfumo wa taarifa za afya wa Kenya), na huko kaunti mtu akaichora iwe grafu yenye kichwa "Malaria". Hapo ndipo kosa la kwanza linapozaliwa. Rejista haihesabu malaria. Inahesabu watu walioumwa, wakaweza kufika, wakamkuta muuguzi, tena wakakuta vipimo havijaisha. Malaria yenyewe iko kule vijijini, na nyingine haifiki kabisa.

Kazi yote iliyoelezwa hapa ni ya kutoka kwenye karatasi hiyo hadi kwenye ugonjwa wenyewe bila kudanganyana njiani. Takwimu zitatuambia nini kimebadilika na tuna uhakika kiasi gani. Modeli (milinganyo inayoiga ugonjwa) itatuambia kwa njia gani kimebadilika, na tukigusa hapa, nini kitasogea kule. Ukitumia moja bila nyingine utakwama: takwimu peke yake haijui mbu anaishi siku ngapi, na modeli peke yake haijui kwamba zahanati ilifungwa.

Unahitaji kompyuta ndogo ya kawaida, programu ya R (ni ya bure), data za miezi 36 kwa uchache (60 ni bora zaidi), na hesabu ya sekondari: logi asilia na maana ya mteremko wa grafu. Mifano yote ya namba iliyo hapa chini ni ya kufundishia, isipokuwa pale inapoelezwa vingine.

Hatua ya 1: Andika swali kwa sentensi moja

"Kutengeneza modeli ya malaria ya Kisumu" si swali. Hili ni swali: "Katika wadi hii ya tambarare za Kano, visa vya watoto chini ya miaka 5 vilipungua baada ya neti kugawiwa, je, upungufu huo unazidi ule ambao misimu na idadi ya vipimo vingeuleta, na kama unazidi, kinachofaa kuongezwa ni neti au kupulizia dawa ndani ya nyumba?" Sentensi hiyo imekwisha kukuchagulia umri, eneo, kipindi na mambo mawili ya kulinganisha. Ikiwa jibu lolote utakalopata halitabadilisha kitu ambacho mtu atafanya, rudi uliandike swali upya.

Hatua ya 2: Kusanya data, kisha zishuku

Kwa kila kituo na kila mwezi chukua safu nne: walioshukiwa kuwa na malaria, waliopimwa, waliokutwa na vimelea, na wote waliofika kwa ugonjwa wowote. Ile ya nne ndiyo husahauliwa, nayo ndiyo mwokozi. Malaria ikishuka kwa nusu na mahudhurio yote yakashuka kwa nusu mwezi uleule, kilichobadilika ni zahanati.

Tenganisha sifuri na nafasi tupu. Sifuri maana yake watu walipimwa na hakuna aliyekutwa na vimelea. Tupu maana yake ripoti haikuja. Ukihamisha data kutoka KHIS kwenda kwenye Excel, ni rahisi sana mtu ajaze sifuri penye tupu ili jumla zitoke, na modeli itaamini kwamba kulikuwa na mwezi usio na malaria kando ya Ziwa Victoria wakati wa mvua. Katika R andika NA.

Kisha tafuta mistari isiyowezekana. Waliokutwa na vimelea hawawezi kuzidi waliopimwa. Wakizidi, mara nyingi mgonjwa mmoja amehesabiwa mara mbili, kwa kipimo cha haraka na kwa hadubini. Vituo 12 kwa miezi 60 ni mistari 720, na kompyuta itaikagua kwa sekunde moja, lakini kila mstari wenye kasoro unakulazimu kurudi kwenye rejista ya karatasi. Usiukisie.

Halafu kuna miezi ambayo huduma yenyewe iliyumba. Mgomo wa madaktari ulianza tarehe 5 Desemba 2016 ukaisha katikati ya Machi 2017. Wauguzi wakagoma kuanzia Juni 2017 hadi mwanzoni mwa Novemba. Mwaka 2020, kuanzia Machi, watu wengi waliogopa vituo vya afya kwa sababu ya Covid-19. Miezi hiyo usiifute. Ipe safu yake, iite "usumbufu", uweke 1 penye usumbufu na 0 penye utulivu. Ukiipuuza, madhara yake yanategemea tu mahali ilipoangukia. Ikiwa kabla ya neti, neti zitaonekana zimeleta malaria. Ikiwa baada ya neti, zitaonekana zimefanya miujiza. Makosa yote mawili yanatoka kwenye data zilezile. Kumbuka pia kwamba chanjo ya malaria ya RTS,S ilianza kutolewa katika sehemu za magharibi mwa Kenya mnamo Septemba 2019, kwa hiyo data za watoto baada ya hapo zina sababu nyingine ndani yake. Uliza kaunti ndogo yako ilianza lini.

Mvua unaweza kuipata kwa Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya. Penye mapengo, CHIRPS (hazina ya data za mvua zinazotokana na setilaiti) inatoa makadirio ya mvua ya kila siku tangu 1981, kwa miraba ya takriban kilomita 5.

Kuhusu majina: toa jina, namba ya simu na namba ya kitambulisho kabla data haijaingia kwenye kompyuta yako, si baadaye. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahusu rejista za zahanati sawasawa na benki. Ruhusa ya kaunti na ya kamati ya maadili itangulie.

Hatua ya 3: Uwiano, na masafa yake

Tuseme zahanati ilipima watu 200 na 84 wakakutwa na vimelea. Hiyo ni asilimia 42. Usiiandike hivyo peke yake. Masafa ya uhakika ya asilimia 95 (mipaka ambayo uwiano halisi unatarajiwa kuwa ndani yake), kwa njia ya Wilson, ni kutoka 35 hadi 49. Kwa hiyo kituo jirani chenye asilimia 38 kwa vipimo 200 hakijawa bora kuliko hiki. Tofauti hiyo inaweza kuwa bahati tu.

Kwa nini Wilson, na si ile njia fupi ya shuleni ya kujumlisha na kutoa? Kwa sababu zahanati ndogo zina namba ndogo. Mmoja kati ya 20 ni asilimia 5. Njia fupi itakupa mpaka wa chini ulio hasi, jambo lisilowezekana. Wilson inatoa kutoka 0.9 hadi 23.6, na masafa hayo mapana ndiyo ukweli: kwa vipimo 20 hujui mengi. Katika R ni amri moja, prop.test(84, 200, correct = FALSE).

Sasa kipimo chenyewe. Vipimo vya haraka vinavyotafuta protini ya HRP2 vinaweza kuendelea kuonyesha ndiyo kwa wiki kadhaa baada ya mgonjwa kupona, kwa sababu protini hubaki damuni vimelea vikiwa vimeshakufa. Mahali ambapo mtoto anatibiwa mara 3 au 4 kwa mwaka, hilo si jambo dogo. Marekebisho yake ni haya: chukua uwiano ulioonekana, jumlisha uwezo wa kipimo kumwacha asiye na malaria (yaani kumwonyesha kuwa hana), toa 1, kisha gawanya kwa uwezo wa kumtambua mwenye malaria jumlisha uwezo wa kumwacha asiye nayo, toa 1. Kipimo kikiwa na 0.95 kwa wenye nayo na 0.85 kwa wasio nayo, ile 0.42 inakuwa (0.42 + 0.85 − 1) ÷ (0.95 + 0.85 − 1) = 0.27 ÷ 0.80, yaani karibu 0.34. Asilimia 8 nzima ilikuwa ya kipimo.

Hatua ya 4: Mvua, kuchelewa kwake, na regresheni

Wengi huweka mvua ya mwezi huu karibu na visa vya mwezi huu, wakaona hakuna uhusiano, wakashangaa. Hesabu siku zenyewe. Mvua inanyesha, madimbwi yanakaa, yai linafikia mbu kamili kwa siku 10 hadi 14. Mbu anapata damu yenye vimelea baada ya siku chache. Vimelea vinakomaa ndani yake kwa siku 16 hivi katika joto la Kisumu. Anamuuma mtu, homa inakuja baada ya siku 10 hadi 14, mama anasubiri siku 1 au 2 kabla ya kwenda zahanati. Jumla ni siku 40 hadi 50. Ndiyo maana mvua za masika za Machi hadi Mei zinajaza zahanati Mei hadi Julai. Jaribu mvua ya mwezi 1, 2 na 3 iliyopita, lakini amua kabla ya kuangalia matokeo kwamba utajaribu hizo tatu tu. Ukijaribu kumi na mbili, mojawapo itapendeza kwa bahati.

Kwa Ahero na Kano Magharibi hesabu hiyo inavunjika. Mashamba ya mpunga yanamwagiliwa, kwa hiyo maji yapo hata mwezi usio na tone la mvua, na mbu wa Anopheles arabiensis wanapenda mashamba hayo yenye jua. Anopheles funestus naye anazaliana kwenye mabwawa na vinamasi vya kudumu vyenye majani. Kwa vijiji hivyo, ratiba ya kumwagilia na kupanda mpunga inasema mengi kuliko kipimamvua. Ipate kwa wakulima wenyewe.

Sasa regresheni, yaani kupima kila sababu inachangia kiasi gani kwenye visa. Idadi za wagonjwa huwekwa kwanza katika modeli ya Poisson, ambayo inadai variansi (kipimo cha kutawanyika kwa namba) ilingane na wastani. Kagua: wastani wa visa kwa mwezi ukiwa 60 na variansi 900, umezidi mara 15. Ukiendelea na Poisson, masafa yako ya uhakika yatakuwa membamba kupita kiasi na kila kitu kitaonekana na maana. Tumia binomia hasi, inayoruhusu variansi kuzidi wastani:

library(MASS)
glm.nb(chanya ~ neti + mvua_m2 + usumbufu + sin(2*pi*mwezi/12) + cos(2*pi*mwezi/12) + offset(log(watu)))

Hapa chanya ni waliokutwa na vimelea, neti ni 0 kabla ya kugawiwa na 1 baada yake, na mvua_m2 ni mvua ya miezi 2 iliyopita. Vile vipande vya sin na cos vinabeba msimu wa kawaida wa mwaka. Sehemu ya mwisho inagawanya visa kwa watu wa eneo la kituo, ili kituo kikubwa kisionekane kigonjwa kwa ukubwa wake tu. Tuseme "neti" imepata −0.36. Ipandishe kwenye e: e^(−0.36) = 0.70, yaani visa vimepungua kwa asilimia 30, mengine yakibaki vilevile.

Ifanye mara mbili. Mara ya kwanza gawanya kwa watu wa eneo, kama hapo juu. Mara ya pili tumia waliokutwa na vimelea kati ya waliopimwa, kwa glm ya quasibinomial. Njia hizi hukosea kwa mielekeo tofauti. Vipimo vikiisha stoo, visa kwa kila mtu hushuka kwa uongo. Wauguzi wakianza kupima kila mwenye homa, hata mafua, uwiano wa wenye vimelea kati ya waliopimwa hushuka kwa uongo. Zote mbili zikishuka kwa kiasi kinachokaribiana, una jambo. Zikipishana, rudi Hatua ya 2, kwa sababu jibu liko kwenye rejista.

Mwishowe chora mabaki ya modeli (tofauti kati ya visa halisi na vilivyokadiriwa) kwa amri ya acf. Mabaki ya mwezi huu yakifanana na ya mwezi uliopita, data zako haziko huru kama ulivyodhani, na uhakika wako ni mdogo kuliko unaoandikwa kwenye skrini.

Hatua ya 5: Jenga modeli ya mbu na mtu

Ronald Ross alionyesha mwaka 1897, huko Secunderabad nchini India, kwamba vimelea vya malaria hukua ndani ya mbu. Alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1902, lakini kwa kazi yetu kilicho kikubwa zaidi ni milinganyo aliyoanza kuiandika baada ya safari yake ya Mauritius. Miaka ya 1950, George Macdonald aliiongezea umri wa mbu. Milinganyo hiyo bado ndiyo pa kuanzia.

Weka x kuwa sehemu ya watu walioambukizwa, na z kuwa sehemu ya mbu wanaoweza kuambukiza. Kwa siku moja:

mabadiliko ya x = m·a·b·z·(1 − x) − r·x
mabadiliko ya z = a·c·x·(e^(−μn) − z) − μ·z

Yasome kwa maneno. Watu wapya wanaoambukizwa ni mbu kwa kila mtu (m), mara ngapi mbu mmoja anamuuma mtu kwa siku (a), uwezekano wa umo hilo (kuuma mara moja) kuambukiza (b), sehemu ya mbu wanaoweza kuambukiza (z), mara wale ambao bado hawana. Wanaopona ni r·x. Upande wa mbu, c ni uwezekano wa mbu kuambukizwa anapomuuma mwenye vimelea, μ ni kasi ya mbu kufa, n ni siku ambazo vimelea vinakomaa. Ile e^(−μn) ni sehemu ya mbu wanaoishi hadi siku hizo ziishe. Hapo ndipo siri ya ugonjwa huu ilipo: mbu akifa siku moja kabla, umo lake halina kitu.

Anza na m = 4, a = 0.3, b = 0.3, c = 0.2, μ = 0.105, n = 16, r = 0.01. Angalia vipimo. Kila kasi hapa ni kwa siku. r ya 0.01 maana yake maambukizi hudumu siku 100 kwa wastani. Mtu akichanganya r ya mwezi na μ ya siku, kompyuta haitalalamika. Itakupa jibu zuri la uongo. Kosa jingine la kila mara ni kuchukua "asilimia 90 ya mbu huishi hadi kesho" na kuandika μ = 0.1. Uwezekano si kasi. Kasi ni logi asilia ya 0.9, ukigeuza alama, yaani 0.105. Kwa siku moja tofauti ni ndogo, lakini μ imo ndani ya e^(−μn), inakuzwa.

Idadi ya maambukizi mapya yanayotokana na mgonjwa mmoja, R0, ni m·a²·b·c·e^(−μn) ÷ (r·μ). Kwa namba zetu ni 3.83. Na pale modeli inapotulia, x = (R0 − 1) ÷ (R0 + ac/μ), yaani 0.643. Kumbuka hiyo 0.643, tutaitumia kuikagua kompyuta.

Hatua ya 6: Joto, au kwa nini Nakuru si Kisumu

Mtu huitoa modeli Kisumu akaipeleka Nakuru bila kubadilisha kitu. Kisumu iko mita 1,130 hivi juu ya usawa wa bahari, Nakuru mita 1,850 hivi. Vimelea vya Plasmodium falciparum vinafuata joto kwa kanuni rahisi: n = 111 ÷ (joto − 16). Kwa nyuzi 23, n ni siku 15.9. Kwa nyuzi 18, n ni siku 55.5. Kwa mbu anayekufa kwa kasi ya 0.105, kati ya 1,000, karibu 188 wataishi hadi vimelea vikomae kule Kisumu. Nakuru watabaki 3. Hiyo ni tofauti ya zaidi ya mara 60, na hatujagusa idadi ya mbu hata kidogo.

Kwa hiyo rejista ya Nakuru yenye wagonjwa wa malaria isomwe pamoja na swali la safari: mgonjwa alikuwa wapi wiki 2 hadi 4 zilizopita? Bila safu hiyo, modeli ya maambukizi ya pale pale haina maana. Tahadhari moja: usitumie wastani wa joto wa mwaka kwa nyanda za juu kama Nandi au Kisii. Nyuzi 18 na nyuzi 20 zinaonekana karibu, lakini n inashuka kutoka 55.5 hadi 27.8. Mwezi mmoja wenye joto zaidi unaweza kuwasha mlipuko, na ndani ya nyumba, mbu anakopumzika, kuna joto kuliko kwenye kituo cha hali ya hewa. Tumia joto la mwezi kwa mwezi.

Hatua ya 7: Iendeshe, kisha iikague kabla ya kuiamini

m <- 4; a <- 0.3; b <- 0.3; cc <- 0.2
mu <- 0.105; n <- 16; r <- 0.01
dt <- 0.25; siku <- 3000
x <- 0.01; z <- 0.001
for (i in 1:(siku/dt)) {
  dx <- m*a*b*z*(1-x) - r*x
  dz <- a*cc*x*(exp(-mu*n) - z) - mu*z
  x <- x + dt*dx
  z <- z + dt*dz
}
print(x); print(z)

Tumeandika cc kwa sababu c ni jina la amri ndani ya R. Jibu linapaswa kuwa x = 0.643 na z = 0.050. Likitofautiana, kuna kosa la kuandika, usiendelee. Kisha punguza dt iwe 0.125 uone kama jibu linasogea; lisisogee. Weka m = 0.5, R0 ishuke chini ya 1, na x ielekee sifuri.

Kuna mtego unaowanasa wengi hapa: data ni za mwezi, basi wanaweka dt = 30. Mbu wanaofifia kwa kasi ya 0.14 kwa siku, ukizidisha kwa 30, ni 4.3, na hesabu ya aina hii huyumba ikizidi 2. z itaruka juu, itashuka chini ya sifuri, na grafu itaonekana kama milipuko ya malaria. Si milipuko, ni hatua ndefu mno. Endesha kwa robo ya siku, kisha jumlisha visa vya mwezi.

Zidisha m·a·z upate maumo yenye vimelea kwa mtu kwa siku: 0.06, yaani karibu 22 kwa mwaka. Namba hii ndiyo ya kulinganisha na watafiti wa mbu, kwa sababu wao wanaweza kuipima kwa mitego.

Hatua ya 8: Weka neti ndani ya modeli

Tumia asilimia ya wanaolala ndani ya neti, si ya wenye neti. Neti ya kufunikia miche au ya kuvulia omena haizuii mbu. Tuseme asilimia 60 wanalala ndani, na kwa kila mmoja wao maumo yanapungua kwa asilimia 70. Basi a inakuwa 0.3 × (1 − 0.42) = 0.174. Kwa kuwa a iko katika mraba, R0 inashuka hadi 1.29, na x kutoka 0.64 hadi 0.18. Dawa ya neti pia inaua. Ile μ ikipanda hadi 0.13, R0 inakuwa 0.70. Chini ya 1. Kwa mujibu wa karatasi, malaria imekwisha.

Lakini haijaisha kando ya ziwa, na ni lazima modeli ieleze kwa nini. Tumedhani kila mtu anaumwa sawa. Si kweli: nyumba yenye mwanya kati ya ukuta na paa, jirani na kinamasi, inabeba mbu wa nyumba kumi. Ukipima tofauti ya maumo kati ya watu, ukagawanya mkengeuko sanifu kwa wastani, ukapata 1.5, mraba wake ni 2.25, na R0 halisi inazidishwa kwa 1 + 2.25. Ile 0.70 inakuwa 2.27. Hizo namba mbili zinatenganisha ushindi wa kwenye skrini na hali ya Asembo au Kombewa. Ongeza juu yake mbu wanaouma nje jioni, neti zilizotoboka mwaka wa tatu, na usugu wa mbu kwa dawa za kundi la pairethroidi, unaopunguza ile μ uliyoipandisha kwa matumaini.

Ili kujibu swali la neti au kupulizia, ongeza kila kigezo kwa asilimia 10 kimoja kimoja. m inapandisha R0 kwa asilimia 10. a inapandisha kwa 21. r inashusha kwa 9. μ inashusha kwa 23, kwa kuwa inakata mara mbili: inapunguza siku za mbu, na inamuua kabla vimelea havijakomaa. Hii ndiyo hoja ya Macdonald: shambulia maisha ya mbu mzima. Kupulizia kuta kunagusa μ moja kwa moja, neti inagusa a na μ. Kumwaga dawa madimbwini kunagusa m peke yake, ingawa penye mabwawa machache yanayojulikana huenda kukawa rahisi kwa gharama.

Hatua ya 9: Ilinganishe na data

Usikadirie vigezo vyote saba. Data za zahanati haziwezi kutenganisha m na b; milinganyo inaziona zikiwa zimezidishwa, m ya 4 na b ya 0.3 ni sawa kabisa na m ya 6 na b ya 0.2. Funga vile vinavyojulikana kwa vipimo vya maabara na mitego, na ukadirie viwili au vitatu: m, athari ya neti, na sehemu ya wagonjwa wanaofika zahanati. Hata hicho cha mwisho kitavutana na m. Ukiweza kupata utafiti wa nyumba kwa nyumba wa mwezi mmoja tu, hata watu 300, ndio utakaovunja mvutano huo.

Ficha miezi 12 ya mwisho. Kadiria kwa miezi iliyobaki, ukianza kutoka sehemu 20 tofauti, maana amri ya optim, inayotafuta katika R vigezo vinavyolingana vizuri na data, hukwama kwenye bonde la kwanza inalolikuta. Kisha tabiri ile iliyofichwa na ulinganishe na mshindani mmoja asiye na elimu yoyote: "mwezi huu utakuwa kama mwezi huuhuu mwaka jana". Modeli isipomshinda huyo, usiitumie kutabiri, ingawa bado inaweza kukusaidia kufikiri kuhusu sababu.

Kwa masafa ya utabiri, chota seti 1,000 za vigezo ndani ya mipaka yake, endesha modeli kwa kila seti, ukachukue matokeo ya 25 kutoka chini na ya 25 kutoka juu. Mstari mmoja mwembamba kwenye grafu ni ahadi ambayo huwezi kuilipa.

Hatua ya 10: Andika jibu

Liandike kwa sentensi ambayo afisa wa kaunti anaweza kuisoma akiwa amesimama: "Baada ya kutoa athari ya msimu na miezi ya migomo, visa vilipungua kwa asilimia 30 (masafa 14 hadi 43). Modeli inaonyesha kupulizia dawa kunazidi neti za ziada pale usugu unapokuwa mdogo. Usugu ukiwa mkubwa tofauti hiyo inatoweka." Sharti liandikwe palepale, lisifichwe ukurasa wa tisa.

Chini ya kila grafu weka idadi ya vipimo vya kila mwezi, na utie kivuli kwenye miezi ya usumbufu. Kisha, kabla ya kwenda kaunti, ichapishe uipeleke kwa muuguzi aliyejaza rejista. Yeye ndiye anayejua ni mwezi gani vipimo viliisha tarehe 9, na ni mwezi gani daraja lilisombwa watu wa ng'ambo wasifike.